Mdogo wangu kapata vyuo vitatu vya uhandisi, mwisho wa kuthibitisha ni Jumamosi. Aende wapi?

#1 Gunia_la_Kibaigwa
Wakuu, mbukwenyi.

Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita, PCM. Fizikia C, Kemia D, Hesabu C, yaani divisheni two ya pointi 10. Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliomba uhandisi ujenzi, wakamruka. Waliomkubali ni watatu: UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) Uhandisi wa Kompyuta, DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) Umeme, MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) Mitambo. Anatakiwa athibitishe kimoja na leo ni Jumatano.

Mama yuko Nkuhungu, Dodoma mjini, anataka UDOM ili mtoto awe anakuja kula ugali nyumbani Jumapili. Mimi ndiye mlipaji na nataka DIT. Nina mashine ya kukamua alizeti hapa Kibaigwa, imesimama tangu Jumatatu, na katika miaka yote niliyohangaika nayo, mafundi wawili tu walionisaidia kweli walikuwa wamepita DIT. Kwa hiyo madai yangu ni haya: kwenye uhandisi, chuo ni karakana. Vingine vyote ni majengo. Nipingeni.

#2 Kigoda
Nimevuta kigoda. Waje wajuzi.

#3 VoltiMbili
Mimi ni zao la DIT, umeme, kwa hiyo nina upande. Pale palikuwa na shule ya ufundi tangu 1957, ikawa Dar Tech, ikawa DIT kwa sheria ya 1997. Karakana ni kweli zipo, lakini mleta uzi amekosea sababu.

Kilichonifundisha mimi hakikuwa mashine. Darasani tulichanganyika: sisi tuliotoka PCM na wale waliotoka diploma. Niliingia najua kukokotoa riaktansi ya koili na sijawahi kushika koleo. Jirani yangu wa dawati alikuwa ameshafanya kazi kiwandani miaka minne, anasuka mota ya fezi tatu huku anapiga stori za Simba na Yanga. Yeye alininakili hesabu, mimi nikamnakili mikono. Ukimaliza miaka minne umekaa na watu wa namna hiyo, hata kama karakana ingefungwa kufuli ungetoka na kitu.

#4 Mlimani_Damu
Karakana, karakana, karakana. Mnazungumzia mafundi au wahandisi?

Kitivo cha Uhandisi Mlimani kimeanza 1973. Tafuta mkurugenzi wa ufundi wa shirika lolote kubwa la umma, uliza alisoma wapi. Kijana akienda kwenye usaili anakuta mezani kaka zake. Hilo ndilo jina la chuo, na jina halinunuliwi na mashine ya kukereza. Halafu DIT si chuo kikuu, ni taasisi. Digrii ya taasisi na digrii ya chuo kikuu hazipimwi kwenye mizani moja.

#5 Binti_Kondoa
@Mlimani_Damu hapo mwisho umepotosha, na kuna mama anaweza kusoma akaamini.

DIT inatoa Shahada ya Uhandisi ya miaka minne, na mhitimu wake anasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, kama mhandisi mhitimu, sawasawa na wa Mlimani. Sheria ni Namba 15 ya 1997, na haikuulizi kama lango la chuo limeandikwa "taasisi" au "chuo kikuu". Inauliza kama programu uliyosoma inatambuliwa. Hilo ndilo swali la kwanza kwa chuo chochote, hasa cha binafsi. Usiulize "chuo kinatambuliwa?" Uliza "programu hii, kwa jina lake hili, inatambuliwa na ERB?" Nina rafiki alisoma kitu chenye neno "teknolojia" mwishoni, na aliligundua hilo akiwa ameshavaa joho.

#6 Mlimani_Damu
Sawa dada, nimepokea. Hoja ya jina bado imesimama.

#7 Kamanda_Swaswa
Mleta uzi, mbona unajishusha? Sifa ya chini ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ni pointi 4.0, dogo ana 10. Mara mbili na zaidi! Mlimani wamemwonea, kata rufaa.

#8 Mwl_Chaki
Kamanda, umechanganya mizani mbili, na kila mwaka kuna mzazi anafanya kosa hilo.

Pointi 10 za divisheni ni za NECTA, Baraza la Mitihani: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, zikiwa ndogo ndiyo nzuri. Divisheni two inaanza hapohapo kwenye 10. Pointi za TCU zinakwenda kinyume: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na wanahesabu masomo mawili yanayodaiwa na programu. Huyu kijana ana Hesabu C na Fizikia C, basi ana 6.0. Ametimiza sifa, ndiyo. Lakini 4.0 ni mlango tu. Programu ikiombwa na wengi wanachukuliwa kuanzia juu, na ujenzi wa Mlimani unaombwa na kila mwenye A za nchi hii. Hakuna aliyemwonea.

#9 Kamanda_Swaswa
Mwalimu umenichapa hadharani. Nimekaa.

#10 Jirani_wa_Zuzu
Mnabishana chuo, mimi naangalia fani. Nimezeeka kwenye nyaya. Kituo cha kupoza umeme cha Zuzu hapa kinapokea laini ya kilovolti 400 inayotoka Iringa, inapita Dodoma na Singida mpaka Shinyanga, kilomita 670. Bwawa la Julius Nyerere ni megawati 2,115. Treni inayotuleta kutoka Dar inakula umeme. Vitu hivi vyote vinataka watu wa kuvitunza kwa miaka 40 ijayo. Kijana asome umeme. Akiusomea DIT, akiusomea Mbeya, elektroni haiulizi.

#11 Sikitaji_Chuo
Naomba nimsaidie mleta uzi kwenye lile la karakana, kwa kisa changu. Sikitaji chuo.

Mwaka wa pili tulikuwa 60 na zaidi na oskiloskopu tatu, zile mashine za kuonyesha mawimbi ya umeme. Moja haikuwa na waya wa kupimia. Vifaa vingine vilikuwa kabatini, na ufunguo wa kabati alikuwa nao mtu mmoja ambaye mara nyingi alikuwa safarini. Ripoti za maabara tuliziandika kwa kunakili data za waliotutangulia, na wao walinakili za waliowatangulia. Nadhani kuna kipimo kimoja cha mkondo kilichopimwa mara moja tu, na vizazi vyote vimekirithi kama shamba la babu. Nimemaliza na GPA nzuri tu. Siku ya kwanza kazini nilipewa klampu mita, kile kipimo cha mkondo cha kubana waya, nikaanza kutafuta ninaishika upande gani.

Kwa hiyo kabla hujathibitisha, usiangalie picha za tovuti. Mtafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa fani hiyohiyo, umuulize: wiki iliyopita ulishika kifaa gani kwa mkono wako?

#12 VoltiMbili
Shamba la babu 😂😂 Kipimo kimerithiwa na hati miliki kabisa.

#13 Mama_Makole
Wanangu, mimi ni mzazi, nitasema la mzazi.

Wa kwangu alikwenda Dar. Ada ya chuo cha umma haikunitisha, ni milioni na laki kadhaa kwa mwaka, na Bodi ya Mikopo ilimpa. Hilo bumu ni 10,000 kwa siku ya chakula na malazi, nalo huja kwa mafungu, siyo kila asubuhi. Hosteli alikosa. Akapanga chumba Kimara, analala anafikiria nauli ya kesho na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita. Semista ya kwanza sapu tatu, yaani mitihani ya kurudia. Ya pili akanusurika kudisko, yaani kuondolewa chuo, kwa tundu la sindano. Akili aliyokuwa nayo Dodoma ndiyo aliyokwenda nayo Dar, ila usingizi hakuwa nao.

Huyu mama wa Nkuhungu msimcheke na ugali wake wa Jumapili.

#14 Gunia_la_Kibaigwa
Mama yangu mdogo, shikamoo. Hatumcheki. Ila dada yako huyu, mama yangu, amenipigia simu tangu asubuhi mara nne, ya nne ilikuwa kuniuliza kama nimekula.

#15 CIVE_mwaka_wa_3
Hatimaye naona mtu wa UDOM aitwe, nimejiita mwenyewe.

Nasoma hiyohiyo Uhandisi wa Kompyuta, hapa CIVE, ndaki ya kompyuta ya UDOM. Kwanza tofautisha: Sayansi ya Kompyuta ni miaka mitatu, Uhandisi wa Kompyuta ni minne na unasoma saketi, mifumo ya kidijitali, vichakataji vidogo, halafu programu juu yake. Watu wengi wanakuja wakidhani watakuwa wanatengeneza tovuti, mwaka wa kwanza wanakutana na hesabu za Laplace wanaanza kuulizia utaratibu wa kuhama.

Karakana ya fani hii ni kompyuta yako mpakato na bodi ya laki moja. Wenzangu wawili wametengeneza kifaa cha kupima unyevu wa udongo kwa ajili ya mizabibu, wakakipeleka shambani Hombolo, kikafanya kazi wiki mbili mpaka ng'ombe akakanyaga waya. Kwa hiyo kanuni ya mleta uzi ya "chuo ni karakana" inafaa mitambo, inafaa umeme mkubwa, kwetu haifai.

Malazi: UDOM ilipoanza 2007 lengo lilikuwa wanafunzi 40,000, ndiyo maana mabweni ni mengi kuliko mazoea ya vyuo vya Dar. Mama_Makole umenena.

#16 Kigoda
Hujasema kuhusu upepo. Mwezi wa nane kutoka CIVE kwenda mjini unakula mchanga wa kutosha kujenga choo.

#17 CIVE_mwaka_wa_3
Ndiyo vitendo vya uhandisi ujenzi hivyo, tunafundishwa bure.

#18 Maji_ya_Mzakwe
Mimi nashangaa watu wa mkoa huu kutotaja maji. Mji unaongezeka kila siku, Mtumba, mji wa serikali, inajengwa, na bado tunategemea visima vya Mzakwe tangu enzi hizo. Mvua haifiki hata milimita 600 kwa mwaka. Mhandisi wa maji na umwagiliaji Dodoma hakosi cha kufanya. Chuo cha Maji Ubungo wanayo, SUA (Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine) wanayo, Arusha Tech wana ujenzi na umwagiliaji. Ushindani wake si kama wa ujenzi wa Mlimani.

#19 Gunia_la_Kibaigwa
Mkuu asante, lakini hakuomba huko. Nina vitatu tu mezani na siku mbili.

#20 Maji_ya_Mzakwe
Najua. Nimeandika kwa atakayesoma mwakani.

#21 Fundi_Sanifu_Kizota
Wote mnaanzia juu. Kuna uwiano unaosemwa sana kwenye kazi zetu: mhandisi 1, mafundi sanifu 5, mafundi stadi 25. Nendeni saiti yoyote, hata barabara ya mzunguko ya kilomita 112 hapa nje ya mji, mtaona anayetafutwa kwa tochi ni fundi sanifu. Mimi nina diploma, sijawahi kukaa bila kazi zaidi ya miezi miwili. Kwa nini huyu kijana asiende diploma, akapata mikono, digrii ikafuata? GPA ya 3.0 inamfungulia mlango.

#22 Binti_Kondoa
Kwa aliyetoka kidato cha nne ningekuunga mkono asilimia mia. Huyu ameshapoteza, samahani, ameshatumia miaka miwili ya PCM na ana udahili wa digrii mkononi. Umrudishe nyuma ili iweje?

Na hata hiyo digrii si mwisho wa safari. Watu wanasahau kwamba baada ya miaka minne hujawa mhandisi kamili. Unasajiliwa kama mhandisi mhitimu, unafanya kazi chini ya msimamizi, kuna mpango wa ERB wa mafunzo kazini, SEAP, wa miaka mitatu, unaandika ripoti, unahojiwa, ndipo unakuwa mhandisi mtaalamu. Mimi niko mwaka wa pili wa SEAP. Msimamizi wangu hajawahi kuniuliza nilisoma wapi. Aliniuliza kama nina buti.

#23 Mlimani_Damu
Hajakuuliza kwa sababu ameshasoma kwenye barua yako 😄

Na tukiwa hapohapo, kuna watu wamemaliza mwezi wa saba, mwezi wa tisa kadi ya harusi imeandikwa "Eng." Sheria ileile ya dada Kondoa inasema kujiita mhandisi bila usajili ni kosa.

#24 Kigoda
Mwacheni bwana harusi, mchango wangu nilitoa kwa sababu ya hiyo Eng. Ingekuwa jina tupu ningetoa 20,000.

#25 Jirani_wa_Zuzu
Turudi. Hakuna aliyezungumzia fildi, yaani mafunzo ya vitendo nje ya chuo, nami nadhani ndipo penye tofauti. Dar una bandari, una viwanda vya Barabara ya Nyerere, vya Mikocheni, vya Ubungo. Mwanafunzi anapeleka barua kwa daladala siku moja sehemu sita. Hapa Dodoma kazi kubwa ni ujenzi: Mtumba, uwanja wa Msalato, barabara. Wa umeme wa viwandani au wa mitambo atabisha hodi wapi? Wanaosifiwa kwa mikono huenda si kwa sababu ya chuo, ni kwa sababu ya jiji chuo kilipo.

#26 CIVE_mwaka_wa_3
Mzee wangu, shikamoo. Fildi ni ya likizo, siyo ya muhula. Mwaka jana nilipanda SGR kwa 31,000, saa tatu na nusu hivi niko Dar, nikafanya fildi kwa mjomba Tabata nikarudi. Zamani basi lilikula siku nzima, hoja yako ingesimama.

#27 Jirani_wa_Zuzu
Marahaba. Na asiye na mjomba Tabata?

#28 Iyunga_Baridi
Naona posti 27 na hakuna hata mmoja aliyemtetea MUST, kana kwamba jamaa ana vyuo viwili. Nasoma hapa Iyunga. Ilikuwa Mbeya Tech tangu 1986, ikawa MIST, ndipo MUST. Yaani nasi ni ukoo wa ufundi, kama DIT, ila hatuna kelele za jiji. Mitambo hapa unakereza, unachomelea, unafungua injini. Chumba mtaani ni nafuu. Kumsikia Mlimani_Damu utadhani nchi inaishia Ubungo.

Ubaya mmoja nauweka wazi: fildi ya kiwandani itabidi asafiri. Na baridi. Mtu wa Dodoma mwezi wa sita hapa analia.

#29 Sikitaji_Chuo
Swali langu lilelile: wiki iliyopita ulishika nini?

#30 Iyunga_Baridi
Nilikereza shafti ya chuma kwenye mashine ya kukereza. Nimezidisha nusu milimita, nimeambiwa nirudie. Umefurahi?

#31 Sikitaji_Chuo
Sana. Mleta uzi, huyu amejibu bila kufikiri, na ana kidonda cha kweli.

#32 VoltiMbili
Naona kura zinahama. DIT tukiulizwa tutataja vitatu.

#33 Mama_Makole
Kijana mwenyewe anasemaje? Nimesoma juu mpaka chini, amesemewa na mama, na kaka, na watu zaidi ya kumi wasiomjua.

#34 Gunia_la_Kibaigwa
Mama mdogo umenigusa. Yuko Nkuhungu, nitaongea naye leo usiku.

#35 Gunia_la_Kibaigwa
Wakuu, mrejesho. Jumamosi asubuhi.

Nimempigia usiku wa Alhamisi kumweleza hoja zenu moja baada ya nyingine, nimezipanga vizuri kabisa, nimemaliza ya Binti_Kondoa naingia ya mzee wa Zuzu, akaniambia, "Kaka, nimeshathibitisha." Namba ya uthibitisho ilikuja kwenye simu yake, si yangu. Alithibitisha Jumatano ileile, saa mbili kabla sijafungua huu uzi.

Ni MUST, Mitambo.

Nilikasirika kidogo. Nikamuuliza kwa nini asisome umeme. Akasema: "Mashine yako ya alizeti inasimama kila msimu. Kila ikisimama unamwita fundi umeme, anabadilisha mota, unalipa, inazunguka mwezi mmoja. Mota haina kosa. Shafti imepinda, inakula beringi, beringi inaelemea mota. Nimekuambia tangu nikiwa kidato cha tatu." Na kweli aliniambia. Nilimtuma akalete soda.

Jana nimefungua. Shafti imepinda.

#36 VoltiMbili
Wale mafundi wawili wa DIT walibadilisha mota?

#37 Gunia_la_Kibaigwa
Mmoja alibadilisha. Wa pili alisema nitafute mtu wa mitambo, nikaona ananikwepa.

#38 VoltiMbili
Basi heshima yetu imebaki nusu. Tunaichukua.

#39 Mlimani_Damu
Msidanganyike na hadithi ya shafti. Kijana wa Nkuhungu anachagua Mbeya, mbali na mama, mbali na kaka mlipaji. Chunguzeni kama hakuna binti wa Mbeya aliyesoma naye.

#40 Iyunga_Baridi
Mkuu, wako wengi, lakini wengi wao wanasoma darasani kwetu na wanatupita hesabu. Mwambie dogo akija apite njia ya Mtera na Iringa, apande basi la alfajiri pale Nanenane. Blanketi anunue Mafinga kama basi litasimama, kwa Dodoma atauziwa shuka.

#41 Gunia_la_Kibaigwa
Mama ameshanunua mawili. Amenuna lakini amenunua.

#42 Kamanda_Swaswa
Na mwenye EGM (Uchumi, Jiografia, Hesabu) anaweza kuingia uhandisi gani?

#43 Mwl_Chaki
Kamanda, fungua uzi wako. Na uje na matokeo yote mawili, ya pointi za NECTA na za TCU, nikusahihishie kabla hujaandika.